Tulivyomnyima Mkono Mwalimu wa Kipaimara

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Ukungu haukuinuka mpaka karibu saa nne, na manyunyu yalikuwa yale yasiyolowesha mara moja bali huingia polepole hadi kwenye mifupa. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu nikiwa darasa la saba, na nashukuru niliandika, maana mengine nayakumbuka vibaya. Ambacho sikuandika ni harufu: masweta ya mitumba yaliyolowa, vijana arobaini na kitu tumesongamana ndani ya kanisa la kigango chetu cha Bashay, kila mmoja na moshi wa kwao. Ulikuwa mwaka ule tulioanza kuambiwa sisi si watu wa Arusha tena, tuna mkoa wetu, Manyara. Baba yangu, mwenyekiti wa kigango, kila barua aliandika Arusha, akakata, akaandika upya.

Siku hiyo tulikuwa tunampokea Mwalimu Theresia kutoka Masieda, kiongozi mpya wa mafundisho ya vijana. Katekista wetu mzee alikuwa amehamia kwa mwanawe tangu kabla ya Kwaresima, na padre alikuwa ametuambia wazi kwamba wasiofundishwa hawatapata kipaimara. Theresia alikuwa amesomea kazi hiyo, na alikubali kukaa nyumbani kwetu mpaka apatiwe chumba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," padre alisema wiki moja kabla, tukapiga makofi. Mimi nilipiga nusu. Tangu katekista aondoke, ni mimi niliyekuwa nawasimamia wenzangu kukariri, kwa sababu nilisoma haraka, na waliniita Sista. Sisemi kwamba nilimchukia mgeni, hata sura yake sikuijua. Ila nilijua kuwa akifika, fimbo ya ubaoni itatoka mkononi mwangu.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu Wairaqw, kwa wasiolijua. Mama akifiwa na mtoto anayenyonya, huwa metimani. Anajitenga na watu kwa miezi. Hashikani mikono na mtu, hali kwenye chombo kimoja na wengine, haingii nyumba yenye mtoto mchanga, ili msiba usihamie huko. Kanisa lilikuwa limekataza tangu zamani, na sisi tulikuwa tumeitikia amina, lakini moyoni kila mtu alijua hesabu ya miezi ya jirani yake. Basi siku tatu kabla ya mapokezi alikuja binamu yangu kutoka Masieda, akamwambia mama mbele yangu, "Huyo Theresia wenu alizika mtoto wa kunyonya, maskini." Halafu akaongeza kwamba muda wake umekwisha, wazee wameshamtoa, yuko na watu kama kawaida. Kwa miaka mingi nilijiambia kuwa hilo la pili sikulisikia, nilikuwa nachochea moto. Nikijipima kwa haki, nadhani nililisikia. Mama alikuwa ametoka kumchukua mdogo wangu aliyelia, kwa hiyo yeye hakulisikia. Kesho yake kisimani nilimwambia rafiki yangu Paskalina. Nilimwambia la kwanza tu. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulijua pa kusimama.

Theresia alishuka kwenye pikapu ya padre akiwa na begi la kitambaa na sweta la kijani lililompwaya. Tulipangwa mstari tangu mlangoni. Alianza na mvulana wa kwanza, akanyoosha mkono, "Tumsifu Yesu Kristo!" Mvulana akajibu, "Milele, amina," huku mikono ameiingiza kwapani. Wa pili hivyohivyo, wa tatu akairudisha nyuma. Mwalimu akacheka. "Ee, watu wa Bashay, baridi hii imewagandisha mikono? Nyie ndio mtapakwa mafuta na askofu kweli?" Hakuna aliyecheka naye. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Usimguse, we." Aliendelea kunyoosha mkono, mmoja mmoja, na nilimwona anavyoelewa. Kicheko kilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mimi nilikuwa wa mwisho, niliyechaguliwa kusoma risala. Nilijua kwamba nikimshika mkono, wote watashika. Nilishika karatasi kwa mikono yote miwili.

"Na wewe ndiye Sista?" aliniuliza kwa upole. "Soma basi, mwanangu." Nikasoma. Karibu sana, tumekungoja kwa hamu. Kila neno.

Baba alikasirika, lakini aliona bado kuna pa kuponea. Akambebea begi hadi nyumbani. "Ingia, mwalimu, humu ndani hatuna mambo hayo." Theresia alisimama mlangoni, akamwamkia mama. Mama aliitikia vizuri, ila huku akimvuta mtoto ndani ya kanga na kurudi hatua moja. Simlaumu. Alikuwa amezika wawili kabla yetu. "Nimeshatoka, mama," Theresia alisema. "Wazee wenyewe walinitoa. Nani aliwaambia bado?" Mama alimtazama baba, baba akanitazama mimi, nafikiri kwa bahati tu. Nilinyamaza. Theresia akachukua begi lake. "Basi. Nisiwape hofu nyumbani kwenu." Pikapu ilikuwa haijaondoka.

Mwaka ule hatukupata mwalimu mwingine, na askofu alipita bila sisi. Paskalina aliolewa hajapata kipaimara. Leo binti yangu yuko kwenye mafundisho. Kiongozi wao ni kijana mwenye simu kubwa, anawasalimia wote kwa mikono, na ratiba anawatumia kwenye kundi la wazazi. Watu wanasema metimani imekwisha. Haijaisha, imepunguza sauti. Kama ingekuwa mila peke yake iliyomrudisha Theresia, ningeilaumu mila nikalala, lakini hata kwa mila hakuwa na kosa. Nasikia yuko hai, analima kulekule Masieda. Zamani nilisingizia barabara. Siku hizi bodaboda inafika mchana mmoja, na sijaenda.

Mstari wa mwisho wa daftari siku hiyo ni mfupi: jioni tumekula wali na kuku. Wali kwetu ulikuwa wa Krismasi. Sikuandika kwamba baba hakuja mezani, wala kwamba firigisi aliyoagiza awekewe mgeni, mama aliniwekea mimi, kwa sababu nilisoma risala vizuri. Niliila. Ilikuwa tamu, nikaomba na mchuzi.