Madirisha ya Otonglo

Mume wangu alipofariki, mali aliyoniachia ambayo watu waliitolea macho ni ploti yetu ya Otonglo, nje kidogo ya Kisumu: vyumba vinane vya kupangisha, vinne vikitazamana na vinne, katikati ujia mwembamba wenye giza hata saa sita mchana. Tuliijenga pamoja, yeye kwa mshahara wake, mimi kwa mapazia niliyokuwa nikishona mjini Kisumu. Siku alizougua hatukuiangalia. Paa likavuja, kuta zikaota ukungu, wapangaji wakahama mmoja baada ya mwingine hadi ikabaki tupu.

Matanga hayajaisha vizuri, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akaja kwangu.

"Nyar Muhoroni," akaniita, yaani binti wa Muhoroni, kama ukoo ulivyoniita tangu niolewe. "Hiyo ploti tuuze. Kuna mtu anaitaka. Mambo ya ujenzi si ya mwanamke. Mafundi watakuzungusha mpaka uzeeke."

"Siuzi, shemeji."

"Sasa utafanya nini nayo?"

"Nitaitengeneza."

Akacheka, akamalizia chai yake, akaondoka. Kicheko kile kilinisaidia kuliko pole zote nilizopewa wiki ile.

Nilijua ninachotaka. Muhoroni nilikulia katika chumba kimoja ambacho dirisha lake lilikuwa dogo kama sinia, huko juu karibu na mabati. Mama alipika humo humo, na sisi tulijifunza kulala huku tukikohoa. Nilipokuwa fundi wa mapazia nikawa naingia nyumba za watu wa kila namna kupima madirisha. Mteja mmoja aliyepanga chumba aliniagiza pazia refu la kutundika kwenye ukuta mtupu. Nikamuuliza dirisha liko wapi. "Halipo," akasema, "lakini wageni watadhani lipo." Nilimshonea. Ila nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Kwa hiyo niliamua kubomoa. Vyumba vinane viwe nyumba nne, kila moja na jiko lake na bafu lake, na madirisha mapana upande wa ziwa, upepo wa alasiri uingie. Kila niliyemwambia alinionea huruma. Vyumba vinane ni wapangaji wanane, walisema; nani anapunguza wapangaji kwa hiari yake? Kaunta ya jikoni niliipima kwa kiuno changu mwenyewe, nikapigilia msumari ukutani pale pale, kwa sababu nimechoka kuona wanawake wakipika wameinama. Sebuleni niliacha ukuta mrefu usio na mlango wala swichi, maana mtu wa Kisumu hahamii mahali ambapo seti yake ya sofa haitaenea.

Fundi wangu wa mawe alikuwa mtu mzima, mwenye mkono mzuri. Shida yake ilikuwa moja: kila nikimpa agizo, alimpigia shemeji simu kulithibitisha. Nililivumilia hilo mpaka siku niliporudi kutoka mjini nikakuta nafasi zote za madirisha zimezibwa kwa mawe, simiti bado mbichi.

"Hii ni nini?"

"Mzee amesema madirisha makubwa ni mlango wa wezi, mama."

"Mzee gani?"

"Shemeji yako."

"Na aliyekuajiri ni nani?"

Akatazama viatu vyake.

"Vunja," nikamwambia.

"Mama, ngoja kwanza tumuulize..."

Sikungoja. Nyundo ile kubwa ya kuvunjia mawe ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Nilivua viatu vyangu vya kutokea, nikaishika kwa mikono miwili. Pigo la kwanza liliniuma hadi begani. Vibarua wakacheka. La pili likasogeza jiwe. La tatu likaliangusha nje kwenye nyasi, na hakuna aliyecheka tena.

"Mama, utaumia," fundi akasema.

"Nishaumia. Wewe ukitaka kazi ya shemeji, nenda ukaifanye kwake. Hapa ni kwangu."

Niliendelea hadi dirisha lile lote likawa wazi na upepo ukanipiga usoni, vumbi limejaa kinywani. Fundi alisimama kidogo. Kisha akavua kofia, akawaambia vibarua wazibue yale mengine. Sijui kama aliniamini. Lakini simu hakupiga tena.

Shemeji alikuja mwenyewe tulipofika kwenye rangi. Alisimama mlangoni kama mtu aliyealikwa mahali pabaya.

"Nyeupe? Kwa wapangaji? Paka rangi ya mafuta ya kahawia huku chini, uchafu usionekane."

"Nataka uonekane, ndio usafishwe."

"Unatuaibisha. Watu wanasema mke wa ndugu yetu anashinda na mafundi."

"Waambie ni kweli. Na yeyote anayesema hivyo aje, nitampa karai abebe mchanga."

Aliondoka bila kuaga. Nilikaa juu ya mfuko wa simiti nikalia, nisijifanye shujaa hapa. Halafu nikanawa uso, nikaenda kuchagua vitasa.

Mpangaji wa kwanza alikuwa mama mfanyabiashara aliyetoka Kenya ya kati, anauza nguo mjini. Aliingia jikoni, akaweka viganja vyake juu ya kaunta, akasimama wima. "Hii ni ya kupangisha kweli?" akauliza. Akahamia wiki hiyo hiyo, na nyumba tatu zilizobaki zikachukuliwa kabla rangi haijaacha kunuka.

Shemeji hanisalimii hadi leo. Kwenye mikutano ya ukoo ananipita kama nguzo ya stima. Inaniuma, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kunichekesha nilipoletwa kwao nikiwa bibi harusi. Lakini sijamwomba msamaha wala sitamwomba.

Mwaka huu nimenunua ploti nyingine, upande wa Maseno, chakavu kuliko ile ya kwanza. Habari zilimfikia shemeji, akatuma mtu aniulize mjane anatafuta nini na ploti mbili. Nikamwambia huyo mjumbe: mjane anatafuta ya tatu. Jumatatu tunaanza kubomoa.