Mzee wa Ndege ya Injini Nne

Harufu ya dawa ya kuchua ndiyo iliyotupokea mlangoni kila alasiri, ikichanganyika na ya nta ya sakafu na ya chai ya maziwa iliyoachwa ikapoa. Ilikuwa fleti ya ghorofa ya chini huko Umbilo, mtaa mmoja wa Durban, na ndani yake aliishi Mzee Harold, Mzungu aliyekaribia miaka tisini, miguu imemvimba hata haiingii viatuni. Mama alikuwa amepata kazi ya kumtunza: kumpikia, kumwosha, kumlaza. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kuniachia, nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja kwake. Tulikuwa wageni Durban, tumetokea Kivu, na Mama hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake.

Mwaka ule, 2009, uwanja wa ndege ulikuwa bado upande wa kusini, kupita eneo la viwanda la Jacobs, na upepo ulipogeuka ndege zilishuka zikipita juu yetu. Watu wa Umbilo hawakuinua hata kichwa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kule kwetu ndege ya vita ilipita juu ya soko mchana kweupe, watu wamejaa, na ilipoondoka bibi yangu, aliyemzaa Mama, hakuwa tena miongoni mwa walio hai. Moto siukumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni ile sauti iliyoutangulia, jinsi ilivyoingia kwanza tumboni ndipo ikafika masikioni.

Siku moja, Mama akiwa dukani, ndege ilipita chini kuliko kawaida. Vikombe vililia kabatini. Nilijikuta chini ya meza nimeziba masikio, sketi yangu ya shule imelowa. Nilipofumbua macho nilimwona Mzee Harold amekikamata kiti chake kwa mikono miwili, uso umemsawijika.

"Toka huko, mtoto," alisema hatimaye. "Hiyo ina injini mbili tu. Yetu ilikuwa na nne."

Alinyoosha kidole kwenye picha ukutani: vijana wenye kaptula, wamesimama chini ya bawa la ndege, wanacheka. Akaanza kunisimulia habari za kikosi chao kama mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe. Walikuwa vijana wa Durban na Kimberley na mashambani, wakapelekwa Italia katika Vita Kuu ya Pili, wakakabidhiwa ndege kubwa kuliko zote walizowahi kuona. Yeye alikaa mkiani peke yake na bunduki zake, amewapa wenzake mgongo, baridi ikimgandisha kope. Walivuka milima usiku kuupelekea silaha mji uliozingirwa na adui, na ndege nyingi zilianguka njiani. Aliwataja vijana wa pichani mmoja mmoja, na karibu kila baada ya jina alisema, "Hakurudi."

"Na siku nyingine mlibeba nini?" niliuliza.

"Mabomu," alijibu, kwa sauti ileile.

Sikuigusa chai yangu. Jioni, tukiwa tunarudi nyumbani, nilimweleza Mama. Alisimama ghafla katikati ya watu, kisha akaendelea kutembea. Niliogopa kwamba tutaipoteza kazi ile, na niliogopa zaidi kwamba hatutaipoteza.

Kesho yake Mama alijaza beseni maji ya moto, akapiga magoti, akaishika miguu ya Mzee Harold. Hakuinua uso.

"Umwambie, mama yangu alikufaka sokoni, chini ya ndege," alisema. "Umuulize kama kule juu alikuwaka anatuona."

Nilitafsiri. Mzee alinitazama mimi, si Mama.

"Mwambie hapana. Tulikuwa juu sana. Lakini wenzangu walitazama mbele. Mimi nilikaa mkiani, kwa hiyo moto niliuona. Mwambie nilijua kuna watu. Nilikuwa na hofu, na nilifurahi kwamba tunaondoka."

Nilitamani kuyameza maneno ya mwisho. Niliyasema yote. Mama aliiachia ile miguu, akainuka, akaingia jikoni. Tulibaki wawili, mzee ameinyanyua miguu yake juu ya beseni, inadondosha maji, hathubutu kuishusha. Ndipo nilipogundua kwamba anaogopa, na anayemwogopa ni mama yangu. Kisha Mama akarudi na birika, akapiga magoti tena.

"Umwambie maji yalikuwa yamepoa," alisema.

Alimtunza hadi mzee alipofariki majira ya baridi yaliyofuata. Hawakulizungumza tena jambo lile, na sijui kama Mama alimsamehe.

Uwanja wa ndege ulihamishiwa kaskazini, na anga ya Umbilo imetulia. Mimi sasa naishi mtaa wa Berea, ghorofa ya saba, na nimesoma mengi kuhusu vikosi kama kile: ujasiri wao, ndege walizopoteza. Ya waliokuwa chini huandikwa kwa mstari mmoja. Mama akija kunitembelea hukaa mbali na dirisha, karibu na mlango. Zamani nilikuwa nikimwambia hakuna tena cha kuogopa. Siku hizi namsogezea kiti.