Vipande vya Kadibodi vya Mwalimu

Mwezi uliopita Mwalimu alinipigia simu kutoka kule alikokuwa akitunzwa pamoja na wazee wenzake, Riverdale Park. "Mwanangu, niletee boksi langu," alisema, pumzi zikimkatika. "Nataka kuliona kabla sijaondoka." Nikamjibu, "Sawa, Mwalimu, nakuletea." Kisha nikakaa kwenye ngazi za kazini nikalia, kwa sababu boksi hilo halipo tena duniani.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Mimi nilikulia Langley Park, ghorofa ya pili, tulipofika Marekani kutoka Kongo. Mlango wa pili alikaa Mtanzania mmoja wa makamo, aliyefundisha Kiingereza kwao miaka mingi, na hapa akawa mlinzi wa maegesho ya magari. Sisi watoto wa jengo tulimwita Mwalimu. Mama akienda kusafisha maofisi alituacha kwake, na akirudi alimpelekea sahani ya fufu na sombe, ule ugali na kisamvu cha kwetu, kila siku, bila kukosa. Jikoni kwa Mwalimu kulinukia tangawizi na mafuta ya maandazi, na chini mabasi yalipiga honi kutwa nzima.

Kazi yetu pale ilikuwa kumsomea kwa sauti tamthilia za kale za Kiingereza. Hatukuelewa hata nusu. Yeye aliwinda neno moja tu, "anon", ambalo watu wa zamani walijibu nalo wakiitwa, yaani naja sasa hivi. Anayelisikia kwanza anapiga meza, anapewa andazi la kwanza. Mwalimu naye anakata kipande cha boksi la kornfleksi, anaandika ni tamthilia gani, nani kasema, na chini yake maoni yake kwa wino mwekundu. Katika tamthilia moja mtumishi wa kilabu anaitwa na vyumba viwili kwa mpigo, analisema. Bawabu anagongewa lango, analisema huku anajikokota. Binti anaitwa ndani na yaya wake, na mpenzi bado yuko nje, naye analisema. "Mfalme haitwi, yeye ndiye anayeita," alituambia. "Hili ni neno la mtu anayetakiwa mahali pawili. Wanangu, hili ni neno letu." Alitaka kutoa kitabu, akipeleke chuo kikuu kule Fairfax, wajue kwamba yeye si mlinzi wa magari tu.

Nilipofika miaka kumi na minne alinikabidhi boksi zima. Kazi ya miaka tisa ilikuwa mle ndani. "Wewe una akili iliyotulia, na shuleni kwenu kuna kompyuta. Nipigie chapa." Nikasema nitaanza kesho. Kesho ikazaa kesho, si unajua utoto. Mara tukahamia Fairfax, na mama akafungasha vitu mimi nikiwa shuleni. Katika darasa la wageni wapya, tulipofika tu Marekani, walimfundisha kwamba kadibodi haitupwi ovyo, inatiwa kwenye pipa la buluu, la taka zinazorudishwa kiwandani. Mama alilishika somo hilo kama amri ya Mungu. Akafungua boksi la Mwalimu, akaona limejaa vipande vya kornfleksi. Niliporudi aliniambia kwa furaha, "Nimesafisha chumba yako yote." Nilishuka ngazi mbio. Pipa lilikuwa limeshamwagwa.

Sikumwambia mama. Mwalimu naye sikumwambia, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Miaka yote tukikutana harusini au msibani aliniuliza, "Ile kazi imefika wapi?" Nami nilimjibu naimalizia. Akafurahi, akawaambia watu kwamba kitabu kinakuja.

Baada ya ile simu nilizitafuta zile tamthilia maktaba, nikakata maboksi ya kornfleksi, nikawa naandika kila mapumziko ya mchana. Neno lenyewe simu ingenitafutia kwa dakika moja. Maoni yake ya wino mwekundu ndiyo niliyoyasaka kichwani, na niliyakumbuka machache mno. Mengine niliyatunga, Mungu anisamehe. Muuguzi wake alishaniambia Mwalimu hana siku nyingi.

Nikampelekea. Alichukua kipande cha juu, akakisogeza karibu na macho, akakirudisha polepole. "Huu si mwandiko wangu."

Nikapiga magoti pale sakafuni, nikamwambia yote, pipa na uongo wangu. Akageukia ukutani. Kisha akauliza, "Mama yako anajua alichotupa?"

"Hajui."

"Basi usimwambie. Amenilisha miaka mingi."

Alifariki Jumanne iliyofuata. Nikienda msibani nilipita Langley Park. Nyumba yetu na yake zina wapangaji wengine, na barabarani wanajenga reli kwa kelele nyingi, hata mtu akisoma kwa sauti dirishani humsikii. Nilisimama pale kidogo nikaondoka. Maisha mazima ya mtu, na hakuna hata ukurasa mmoja uliobaki.

Msibani mama alisonga fufu ya watu wote, jasho na machozi vikimtoka pamoja. Alipokaa kupumzika aliniinamia sikioni. "Eti, uyu muzee alikuwa anaandikaka nini siku zote zile?"

Nikamwambia sijui.