Gari la Kunifikisha

Pikapu ilikuwa ya mjomba, kaka yake mama, na kwetu huku mali ya mjomba njia yake ni kwa mpwa. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni, yeye ndiye aliyenifundisha kushika usukani, na moyo wake ulipoanza kuchoka na miguu kumvimba, akanipa funguo bila hotuba. Sharti lilikuwa moja tu: kila Jumatatu nimfuate kwake Marambo, nimlete hospitali Nachingwea mjini, akachomwe sindano ya kumtoa maji mwilini. Siku nyingine zote, gari langu.

Na mimi siku hizo nyingine nilizitumia kweli. Ile pikapu ilikuwa na injini kubwa yenye tabo, ile ya kupuliza hewa ndani injini ipate nguvu, na ukiikanyaga inapiga mluzi unaosikika kijiji cha pili. Nilibeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka Namungo. Siku za mpira nilibeba mashabiki mpaka Ruangwa, na madereva wenzangu wakisikia mluzi nyuma yao wanajisogeza wenyewe pembeni. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na akili za kijana wa kijiweni.

Ikaanza kutoa moshi wa bluu. Ikanywa oili, ikaishiwa nguvu, vilima nilivyozoea kuviruka nikawa navipanda kwa kuomba Mungu. Fundi wangu wa Nachingwea, mtu mpole asiyekosa misa hata siku moja, akaifungua, akachungulia, akanifutia stuli nikae. Nikajua ni msiba.

"Kaka, hapa njia ni mbili," alisema. "Kuna injini ya mtumba Ruangwa, nzima, nimeisikiliza mwenyewe. Haina tabo, ya kawaida tu. Siku nne unaondoka. Au tunashusha hii, tunapeleka silinda Dar zikachongwe, tunaagiza pistoni na ringi mpya, tunaijenga upya. Hiyo ni wiki tatu, Mungu akipenda."

"Mimi nitembee na injini ya kubebea mchicha?" nilimwambia. "Watu wa Ruangwa wanicheke?"

"Basi funga ile ya mtumba kwa muda, mzee wako apande Jumatatu zake, huku hii tunaijenga taratibu."

Ushauri mzuri kuliko huo sijawahi kupewa maishani. Nilimjibu kwamba nikipita hata mara moja bila mluzi, nimekwisha. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu.

Nilimweleza mjomba Jumatatu iliyofuata, tukiwa tumepanda pikapu ya kukodi. Alikuwa amekaa na cheti cha hospitali mapajani, kandambili zimembana kwa uvimbe.

"Mpwa wangu," akasema, "mimi nataka gari la kunifikisha, si la kunirusha."

Nikacheka. "Wiki tatu tu, mjomba. Utaruka na utafika."

"Haya. Mwenye gari ni wewe."

Wiki tatu zikapita. Silinda zikarudi zimechongwa vizuri, zinang'aa. Ringi zikaja za saizi nyingine. Nilimtukana muuzaji kwenye simu mpaka salio likaisha, na ringi hazikubadilika saizi kwa matusi yangu. Tukaagiza upya. Vipande vya injini vilikaa juu ya turubai pale gereji, vimepakwa grisi visishike kutu, na kila nikipita fundi ananiangalia kisha anaangalia pembeni. Jumatatu tuliendelea kukodi. Nikajiambia hakuna kilichoharibika.

Wiki ya tano, siku ya Jumamosi, jirani yake mjomba akanipigia saa nne asubuhi. "Njoo na gari. Mzee hahemi vizuri. Midomo imebadilika rangi."

Njoo na gari! Nilikimbilia stendi ya pikapu, nikakuta uwanja mtupu. Siku hiyo Ruangwa kulikuwa na mechi. Kila chenye magurudumu manne Nachingwea kilikuwa kimeondoka alfajiri na mashabiki na mavuvuzela. Gari la wagonjwa nikaambiwa limempeleka mama mjamzito, nisubiri. Mimi siku kama hiyo ningekuwa huko huko Ruangwa, nikipiga mluzi. Nikapanda bodaboda.

Tukamtoa Marambo mshikaki: dereva mbele, mjomba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Nilimfunga na dereva kwa kanga asianguke. Miguu yake ilikuwa mizito, haikai kwenye vikanyagio, kwa hiyo niliibana kwa miguu yangu. Kandambili moja ikadondoka na hatukusimama kuiokota. Vumbi, makorongo, jua la kupasua kichwa.

"Mpwa wangu," akaniambia, sauti imekauka, "na hii ina tabo?"

Nikacheka huku nalia. Nilimwambia ina tabo mbili, avumilie. Baada ya mikorosho ya mwisho kabla ya lami, kichwa chake kikalala begani kwa dereva na mgongo wake ukaacha kupanda na kushuka kifuani kwangu. Nilijua. Sikumwambia dereva, nikaogopa atasimama. Nikamwacha aendeshe mbio mpaka hospitali, nimemkumbatia marehemu kwa nguvu zangu zote.

Tulizika kesho yake. Watani wakaja, kama inavyopasa, na kati yao mama mmoja wa Chinongwe ambaye hakuna msiba wetu ambao hakuuvuruga kwa vituko. Alikuwa amevaa ovaroli la fundi. Akaingia chini ya kitanda cha kamba uani, miguu nje, akagonga sufuria kwa mwiko.

"Mjomba, subiri kidogo!" akapiga kelele. "Usife kwanza, ringi zinakuja!"

"Zimefika wapi?" wenzake wakaitikia.

"Zipo njiani! Zikifika utaruka!"

Uani wote ukaangua kicheko, hata mama yangu aliyekuwa hajanyanyua uso tangu jana. Mtani hakasirikiwi, hilo mtoto mdogo wa kwetu analijua. Mimi nilisimama, nikamvuta miguu mpaka nje, nikamtukana tusi la nguoni mbele ya mashehe. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli, na wengine wote walikuwa wananiambia ni kazi ya Mungu. Wakanitoza kuku kwa kuvunja utani.

Injini ilikamilika siku chache kabla ya arobaini. Fundi aliiwasha, akasikiliza, akanipa funguo. Niliondoka Nachingwea adhuhuri ikiadhiniwa, na nilipofika Marambo watu walikuwa ndio kwanza wanatawadha. Haijawahi kukimbia vile hata ilipokuwa mpya.

Yule mama wa Chinongwe alikuwa uani anapepeta mchele wa arobaini. Nikapiga honi, nikashuka na kuku wa faini mkononi. Nilitaka anicheke. Wallahi, njia nzima nilikuwa namngojea anicheke.

"Mtani, njoo uone," nikamwambia. "Imepona."

Akaja, akaweka kiganja kwenye boneti iliyokuwa bado ya moto, akakitoa. "Inakimbia?"

"Sana. Nimetoka mjini sasa hivi tu."

Aliangalia mlangoni, pale kilipokuwa kinakaa kiti cha mjomba kila Jumatatu akiningojea. Nikasubiri. Akanipokea kuku.

"Pole, mtani," akasema, akarudi kwenye mchele wake.