Hotuba Yangu ya Kwiki Machi

Aibu hii nimeificha miezi mitatu, leo naitema. Mgambo wa Kalangalala walikuwa wanahitimu, na mgodi mmoja uliahidi kuajiri walinzi kutoka gwaride la siku hiyo. Mimi, kwa kuwa nina shahada ya Kiingereza, nikaalikwa kuwa mgeni rasmi.

Nikasimama kivulini, chini ya turubai, nikaanza kuwafafanulia maneno yao ya kwata.

"Kwiki machi," nikasema, "ina historia ndefu. Zamani kwa Waingereza, kwiki haikuwa na maana ya haraka. Ilimaanisha kitu chenye uhai. Machi waliichukua kwa Wafaransa. Sasa tuje kwenye dabo kwiki, yaani mwendo wa kukimbia..."

Nilikuwa na kurasa sita. Wahitimu walisimama juani, miguu sawa, hata nzi hawakumfukuza. Moyoni nikajipongeza: watu hawa wana kiu ya elimu!

Kwenye ukurasa wa nne, mwanamke wa mstari wa mbele akaanguka kifudifudi. Alikuwa Mama Kulwa, mjane aliyetoka Rwamgasa kuitafuta kazi ile. Mtu wa mgodi, aliyekaa nyuma yangu na orodha ya wahitimu, akatoa kalamu, akalikata jina lake.

"Hakula asubuhi?" nikamnong'oneza mkufunzi wao aliyesimama kando yangu, nikisahau kipaza sauti.

"Alikula, mheshimiwa. Gwaride halilegei mpaka mgeni rasmi aseme 'mguu pande'. Tangu uanze tunakusubiri wewe." Akaniangalia, na uwanja mzima ukasikia alichoongeza. "Kumbe maneno yote ya gwaride unayajua, kasoro hilo."