Vigelegele Nilivyopigiwa Siku Niliyofukuzwa Ulingoni

Nilifukuzwa kwenye mashindano ya karate mbele ya kikundi kizima cha maombi, wao wakanipigia vigelegele wakidhani nimeshinda, na mimi (hapa ndipo aibu yenyewe ilipo) nikainua mkono kuwapungia. Nasimulia mwenyewe kwa sababu kila anayesimulia kisa hiki hapa Houston anaongeza chumvi, na kuna mmoja amefikia kusema nilivunja mbavu za mtu. Sikuvunja ubavu wa mtu yeyote.

Mimi karate nilijifunzia Dodoma, miaka saba, peku, kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji, kwa mwalimu aliyekuwa akitusimamisha kwenye mkao mmoja mpaka mapaja yanatetemeka, halafu yeye anakwenda kunywa chai. Tulifundishwa kuinama kwa heshima, kutulia, kungoja, na kupiga pigo moja tu, lakini liwe pigo la kweli. Nilipohamia Alief, mtaa wa hapa Houston, na kuanza kazi ya uuguzi, nikampata Sensei Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, anafundisha vilevile katika chumba kidogo nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika. Binti yangu Rehema alipofika miaka minane nikampeleka huko, tukawa tunafanya mazoezi pamoja kila Jumanne na Alhamisi, na sifichi, hizo ndizo zilikuwa saa zangu tamu kuliko zote za wiki.

Sasa Rehema ana miaka kumi na minne, na rafiki yake alimwalika klabu moja ya Sugar Land, mji wa jirani, ambako karate ni ya mashindano: magodoro mekundu na ya bluu, ubao wa pointi unaowaka taa, watoto wanarukaruka kama panzi. Alirudi macho yanang'aa, anataka kuhamia huko. Nikamwambia ile si karate, ile ni kugusana. Akanijibu (watoto wa huku hawakawii kujibu) kwamba ya kwetu ni kupiga hewa, na kwamba kwa miaka sita yote hajui kama anaweza.

"Unaweza nini?" nikamwuliza.

"Kupigana na mtu anayesogea."

Iliniuma hiyo. Nikaenda kumshtakia Sensei Kasongo, nikitegemea ataniunga mkono, lakini yeye akasema tu, "Mama Rehema, acha mtoto aende aone." Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Nilimkubalia Rehema ajaribu mara moja tu, katika mashindano ya Plano, na siku nilipokuwa namwandikisha kwa simu nikaona chini kabisa kuna kundi la wanawake wa miaka arobaini na kuendelea, nikajisemea ngoja nimwonyeshe huyu mtoto karate ni nini, nikaweka alama ya vema. Kidole kimoja, sekunde moja.

Halafu nikamwambia wifi yangu Agnes, anayefanya kazi ofisini hukohuko Plano, na nilimwambia kwa sababu tulihitaji mahali pa kula baada ya mashindano, basi. Wifi akawaambia wenzake wa maombi. Jumamosi ile tuliondoka alfajiri, tukaendesha gari zaidi ya saa nne, na tulipoingia ukumbini niliwakuta wanawake kumi na wanne jukwaani, wamevaa vitenge sare, Agnes katikati yao. Nikapanda kuwasalimia mmoja mmoja, maana huwezi kumruka mtu, na wakati nasalimia, kule chini waamuzi walikuwa wamewaita washiriki wote kuwaeleza sheria. Mimi sheria sikuzisikia. Nilikuwa naulizwa habari za nyumbani.

Niliposhuka, mama mmoja mwenye orodha akaniambia nivue mkanda wangu wa kahawia nifunge wa bluu, kwa sababu ulingoni mmoja huwa mwekundu na mwenzake bluu. Nikabisha. Mkanda ule niliutolea jasho miaka saba, siuvui kwa ajili ya rangi ya ubao. Rehema ndiye aliyekuja akanifungua kimyakimya, akanifunga wa bluu, akanivalisha na glovu zake mwenyewe (sikuwa nazo, Dodoma hatukuvaa) zikanibana vidole vyote.

Mpinzani wangu aliitwa Denise, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Fort Worth, mrefu, rika langu, ana tabasamu zuri. Mwamuzi akaanzisha. Denise akaanza kurukaruka, mimi nikakaa kwenye mkao wangu wa Dodoma, nimezama chini, nangoja aje. Akaja, akanigusa kifuani, akaondoka. Pointi. Nikangoja tena. Akanigusa ubavuni. Pointi. Kila nikijipanga kumzuia, yeye ameshafika na ameshaondoka, na mwamuzi akasimamisha pambano akanionya kwamba sipigani. Kutoka jukwaani nikamsikia wifi, kwa sauti ile ya kuongoza mapambio, "Wifi, mpige."

Aliporudi mara ya nne nikauona mwanya. Mguu wa nyuma ukasukuma sakafu, kiuno kikageuka, ngumi ikaenda yote, bila breki, katikati ya tumbo. Denise akakaa chini, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Ndipo vikaja vigelegele. Kumi na wanne wote kwa pamoja. Mimi nami, kichwa kimejaa joto, nikaamini kwamba kama wanashangilia basi nimeshinda, nikainua mkono. Kisha nikaona Denise hajainuka, uuguzi ukanijia, nikapiga magoti nimtafute mapigo ya moyo, na glovu ziko mikononi, sasa mapigo gani utayasikia na glovu? Mwamuzi akadhani nakwenda kummalizia. Akanidaka kwenye ukosi akanivuta nyuma mpaka nikakalia makalio. Kipaza sauti kikatangaza kwamba mshiriki kutoka Houston ameondolewa kwa kupiga kwa nguvu kupita kiasi, na wale wa vitenge waliposikia neno Houston wakapiga vigelegele mara ya pili. Agnes akashuka na kitenge kipya, akakanyaga godoro na viatu vyake vya kisigino, akaanza kunivisha huku akinipongeza.

"Wifi, nimefukuzwa," nikamwambia.

"Umefukuzwa wapi?"

"Hapa."

Akakiacha kitenge mabegani mwangu, akanishika mkono akaninyanyua. Nilipogeuka kumtafuta Rehema, hayupo.

Nilimkuta kwenye ujia karibu na bomba la kunywea maji, amekaa sakafuni, uso umemwiva. Nikamwuliza kama anataka twende nyumbani. Mtoto huyu siku zote hunijibu kwa Kiingereza, hata nikimwuliza kama amekula, lakini siku hiyo aliongea Kiswahili, nadhani ili wapitaji wasituelewe.

"Siendi, mama. Nimekuja kupigana. Lakini kwanza twende kwa yule mama."

Tukaenda. Denise alikuwa ameketi kwenye kiti, pakiti ya barafu tumboni, anacheka na wenzake. Rehema akainama mbele yake kabla yangu mimi, akainama kabisa, mikono mapajani, kama anavyoinama Alief. Nami nikainama nikamwomba radhi. Denise akasema hajawahi kupigwa ngumi iliyonyooka namna ile, akauliza aliyenifundisha ni nani. Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba ndiyo maana imekatazwa.

Mchana Rehema akaingia ulingoni. Nilikuwa nimewaomba wale wa vitenge wakae kimya, na walikaa. Alishinda mapambano mawili akisogea kwa namna ambayo mimi sikumfundisha na nisingeweza kumfundisha. La tatu alishindwa. Lakini katika lile la tatu msichana mwenzake aliteleza, uso ukabaki wazi, na ngumi ya Rehema ikatoka na nguvu zake zote, ikasimama unywele mmoja mbele ya pua yake. Haikutetemeka. Mwamuzi hakuihesabu, muda ulikuwa umekwisha. Mimi niliihesabu. Nikalia pale jukwaani, na Agnes akadhani nalia kwa sababu ya mambo yangu ya asubuhi.

Tukiwa njiani kurudi nikamwuliza bado anataka Sugar Land.

"Bado," akasema.

"Sawa."

Jumanne nilikwenda kwa Sensei Kasongo peke yangu. Jumamosi nikampeleka Rehema Sugar Land, nikakaa na wazazi wengine kwenye viti vya plastiki, na nikamsikia kocha, kijana wa hapahapa Texas, akimwuliza mwanafunzi wake mpya amejifunzia wapi kusimama imara hivyo na kusimamisha ngumi hivyo. Rehema hakugeuka kunitazama. "Kwa mama yangu," akasema, akaendelea kufunga glovu.

Mimi nadhiri yangu ni fupi: nikibishana na mwanangu, tutabishana mezani, na fomu yoyote nitakayojaza nikiwa na hasira nitaifuta kabla sijaituma.