Kigeugeu Chenye Msimamo

Mimi na wifi yangu tunafanya kazi ofisi moja, na ni ofisi ya kompyuta, kwa hiyo kila nikisema "wifi leo ana hasira" kuna mtu anainuka kwenda kukagua waya za mtandao ukutani. Nimechoka kueleza kwamba ni dada wa mume wangu. Wenzetu wanamwita Bibi Afya, kwa sababu kazi yake ni kupita kwenye vilivyooza na kusema vimeoza wapi.

Tunatengeneza programu inayoiwezesha kompyuta moja kubwa kubeba nyingine nyingi ndani yake, kila moja ikiamini iko peke yake duniani. Hizo za ndani tunaziita wapangaji. Mmoja wetu akigusa mstari mmoja tu wa programu, mtambo unafanya majaribio wenyewe, mamia kwa mamia, kisha unayapaka rangi: kijani limepita, jekundu limeanguka. Yale mekundu yote huishia mezani kwa wifi. Yeye ndiye husema kama ugonjwa uko kwenye programu, kwenye jaribio lenyewe, au kwenye mashine.

Ofisini kwetu lipo neno lililowaokoa wengi: kigeugeu. Jaribio likianguka leo, kesho likapita bila mtu kugusa kitu, hilo ni kigeugeu. Likishabandikwa jina hilo, mtambo unalirudia kimyakimya mpaka lipate kijani, nasi tunaendelea na chai. Aliye na ruhusa ya kulibandika ni wifi peke yake, na lazima aandike sababu.

Basi mwezi ule na mimi nilikuwa kwenye majaribio, ya ajira. Nilikuwa nimeandika sehemu inayoharakisha kumhamisha mpangaji kutoka mashine moja hadi nyingine huku akifanya kazi zake, bila yeye kujua kama amehama. Sehemu yangu ilipoingia tu, jaribio la kuhamisha likaanza kuanguka. Mpangaji alikuwa akifika mashine ya pili, saa yake inarudi nyuma. Anaondoka saa nne kamili, anafika saa nne kasorobo, na wala hashangai.

Jaribio hilo lilikuwa na jina la kigeugeu tangu zamani, ila sasa lilikuwa linaanguka hata likirudiwa. Msimamizi wetu aliiondoa sehemu yangu, akalirudia, likawa kijani. Akairudisha, likawa jekundu. Akaniita, akaniambia kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba Bibi Afya asipotoa maelezo mengine kufikia Ijumaa, ajira yangu haitathibitishwa.

Nilipofika nyumbani nikayamwaga yote mbele ya familia. Mama mkwe, ambaye kompyuta anaijua kwa kuipangusa vumbi, alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia binti yake na kumuuliza hilo neno kigeugeu ni refu kiasi gani hata limshinde kulitamka. Wifi akajibu kwamba halitamki bila kuangalia. Mume wangu, akiwa katikati ya mke na dada, aliinuka kwenda kutengeneza bomba ambalo halikuwa linavuja.

Nilimfuata wifi jikoni. Nilikuwa na hasira na sikuificha. Nikamwambia watu baki amewabandikia jina hilo bila hata kupepesa macho, leo kwa kuwa ni mimi ndipo amekuwa mtaalamu. Akaendelea kusuuza vikombe. Akasema, "Wifi, nikikuta ni wewe, nitaandika ni wewe." Nililala nimemnunia mume wangu, maana dada yake hakuwepo chumbani.

Asubuhi nilimkuta ameshaingia chumba cha mashine, kile chenye baridi ya mochari, amevaa sweta juu ya sweta. Sisi wengine jaribio likianguka tunabonyeza kurudia na kumwachia Mungu. Mtambo wenyewe ndio huchagua mashine mbili zozote zilizo wazi, na hakuna aliyewahi kuuliza ni zipi. Wifi aliuzuia usichague. Akazipanga mwenyewe kwa mkono. Mpangaji akitoka mashine mpya kwenda mpya, kijani. Kuukuu kwenda kuukuu, kijani. Mpya kwenda kuukuu, jekundu. Akarudia, jekundu. Akaiondoa sehemu yangu kabisa, akarudia mpya kwenda kuukuu. Jekundu vilevile.

Alitoka mle ndani midomo imekauka. "Hiki si kigeugeu," akaniambia. "Kina msimamo kuliko sisi wote."

Kumbe mapigo ya saa ya mashine mpya yana kasi kuliko ya zile kuukuu, na programu yetu tangu enzi ilikuwa inahesabu kana kwamba yako sawa. Zamani mashine mpya ilikuwa moja tu, ya kujaribia, kwa hiyo ajali ilikuwa ya nadra. Wiki ile niliyoingiza kazi yangu ndiyo waliyoleta nyingine, rafu nzima. Msimamizi alipopata kijani bila sehemu yangu, alikuwa ameangukiwa na mashine mbili za rika moja, basi. Niliposikia hivyo nilikaa chini sakafuni nikalia, na sikujali nani ananiona.

Angeishia hapo, ingetosha. Lakini kwenye kikao cha Ijumaa alieleza mambo ya mashine, akaeleza kwamba mimi simo, halafu akaendelea. Akasema jina la kigeugeu kwenye jaribio hilo alilibandika yeye, na sababu aliyoandika ni maneno mawili: pengine mtandao. Hakuwa ameangalia. Siku hiyo alikuwa na majekundu mengi na alitaka kwenda nyumbani. Watu wa dawati la wateja nao, kila mteja alipolalamika saa zinarudi nyuma, walifungua sababu hiyo, wakaisoma, wakamjibu ni mtandao wake.

Msimamizi aliuliza kama kuna ulazima wa hayo kuingia kwenye ripoti. Wifi akasema yameshaingia.

Jumatatu nilithibitishwa kazini. Kazi niliyopewa ni ya wifi, na meza yake, na majekundu yake. Yeye wakampeleka dawati la wateja, upande wa pili wa ubao unaotutenganisha. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza, kwani nani alimuuliza? Akasema wateja waliuliza. Roho iliniuma, na bado inaniuma, na mama mkwe hadi leo anatuandalia chai bila kutusemesha, mimi kwa kuichukua kazi ile na wifi kwa kuitoa.

Kazini nafungua jekundu la kwanza, naanza kutafuta limetoka mashine gani kwenda gani. Ng'ambo ya ubao simu inaita. Namsikia wifi akipokea, akisikiliza kwa muda mrefu, kisha akijibu kwa sauti ile ile ya kusomea ripoti.

"Hapana, bwana. Si mtandao wako. Ni mimi."

Mteja anacheka mpaka namsikia nilipo. Amedhani ni utani.